Mtoto wa mchikichi bora si lazima awe bora: jinsi ya kuchagua mbegu chotara Rumonge

Mvua za kwanza zikishuka baada ya kiangazi, mkulima wa pwani ya Ziwa Tanganyika mwenye kipande cha ardhi kilicho wazi hukabiliwa na uamuzi mzito. Matokeo yake atayaona baada ya miaka mitatu au minne, kisha ataishi nayo kwa robo karne. Uamuzi wenyewe ni huu: apande mche gani wa mchikichi?

Jibu rahisi liko miguuni pake. Chini ya mchikichi unaosifiwa na majirani wote, ule wenye matunda manene na mafuta mengi, kokwa zilizoanguka zimeota zenyewe. Kuing'oa miche hiyo na kuihamishia shambani hakugharimu faranga hata moja, na mwenye mti si rahisi amnyime jirani yake miche michache. Tena wahenga walikwishasema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nini basi mtoto wa mti mzuri asiwe mti mzuri?

Kwa mchikichi, hoja hiyo hudanganya. Miongoni mwa miche iliyookotwa chini ya mti bora kabisa, nusu hivi haitafanana na mama yake. Mingine itarudi kwenye hali ya mababu, yenye kokwa nene na nyama haba. Mingine itastawi, itarefuka na kupendeza macho, lakini haitaivisha mkungu hata mmoja. Na hakuna jicho la mkulima, hata awe mzoefu namna gani, linaloweza kuitenganisha ikiwa bado kitaluni.

Jambo hili lina uzito wa pekee Rumonge. Ukanda mwembamba ulio kati ya ziwa na milima, kutoka Minago hadi Nyanza-Lac, ndio kitovu cha mawese ya Burundi. Mji wa Rumonge ndio makao ya OHP, ofisi ya umma inayoshughulikia mafuta ya mawese, na mashambani vinu vidogo vya kukamulia havihesabiki. Mafuta hayo hupikiwa nyumbani, hupelekwa sokoni Bujumbura, na hutengenezewa sabuni. Kwa familia nyingi, mchikichi, au ikigazi kwa Kirundi, ndio ada ya shule, dawa ya mgonjwa na mahari ya kijana. Kukosea mche ni kukosea vyote hivyo.

Aina tatu, kisu kimoja

Mchikichi wa mafuta una aina tatu zinazotofautiana kwa unene wa kifuu, yaani lile gamba gumu linalozunguka kiini ndani ya tunda. Kuzitambua hakuhitaji maabara. Panga kali na tunda lililoiva vinatosha.

Tunda likikatwa katikati na kuonekana kifuu kinene, ambacho huweza kufikia milimita 8, huku nyama ya rangi ya machungwa ikiwa tabaka jembamba kwa nje, huo ni mchikichi wa aina ya dura. Ndio mchikichi wa asili uliozoeleka vijijini. Mise yake ni mikubwa, lakini nyama, ambayo ndiyo hutoa mawese, mara nyingi haizidi nusu ya uzito wa tunda, na wakati mwingine huwa theluthi tu.

Kifuu kikiwa chembamba, na kikiwa kimezungukwa na duara la nyuzi nyeusi ndani ya nyama, huo ni tenera. Duara hilo la nyuzi ndilo alama ya kuaminika kuliko unene wenyewe. Nyama ya tenera huanzia asilimia 60 ya uzito wa tunda na yaweza kupita 90. Kwa wastani, shamba la tenera hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya shamba la dura lenye mavuno ya mikungu yaliyo sawa.

Aina ya tatu ni pisifera. Hiyo haina kifuu kabisa. Katikati ya tunda mna kiini kidogo tu kilichofungwa kwa nyuzi. Kwa kusikia hivyo, mtu angedhani pisifera ndiyo hazina kubwa kuliko zote, kwa kuwa tunda zima ni nyama. Lakini mingi ya michikichi hiyo ni tasa kwa upande wa kike. Maua hutoka, mkungu huanza kujifunga, kisha huoza kabla ya kuiva. Na kwa kuwa mti haupotezi nguvu zake katika kuzaa, majani yake huwa mabichi na shina lake hunenepa. Mkulima asiyejua huweza kuusubiri mwaka baada ya mwaka, akiamini kwamba mti wenye afya namna ile hauwezi kukosa kuzaa.

Fumbo lililofumbuliwa Yangambi

Kwa muda mrefu hata wataalamu hawakuelewa uhusiano wa aina hizi tatu. Katika Kongo ya enzi ya Wabelgiji, mbegu za michikichi ya tenera zilichukuliwa katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo, na kupandwa Yangambi miaka ya 1920. Wapandaji walitarajia kupata tenera. Walichopata ni mchanganyiko wa dura, tenera na ile miti isiyozaa.

Jawabu lilitolewa mwaka 1941 na Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa taasisi ya kilimo ya INEAC katika kituo hicho cha Yangambi, kwenye ukingo wa Mto Kongo, upande wa chini wa Kisangani. Walionyesha kwamba tenera si ukoo unaojitegemea. Ni chotara. Unene wa kifuu hutawaliwa na jeni moja. Kila mti hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mti wenye nakala mbili za kifuu kinene ni dura. Wenye nakala mbili za kutokuwa na kifuu ni pisifera. Tenera ana moja ya huku na moja ya kule, ndiyo maana kifuu chake ni cha katikati.

Ugunduzi huo uliofanyika katika ukanda wetu wenyewe ulibadilisha kilimo cha mawese duniani kote. Mwaka 2013, watafiti wa Malaysia na wenzao wa Marekani walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameitambua jeni yenyewe, na tangu hapo mche mchanga unaweza kupimwa katika maabara kabla ya kupandwa. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 1941 haijabadilika, na mkulima anaweza kuifanya kwa vidole.

Hesabu ya wazazi

Mama dura akipata chavua ya baba pisifera, watoto wote huwa tenera. Kila mtoto amepokea nakala ya kifuu kinene kutoka upande mmoja na nakala ya kukosa kifuu kutoka upande wa pili, wala hakuna njia nyingine. Huu ndio msalaba pekee unaompa mkulima shamba la tenera tupu.

Tenera akipata chavua ya tenera mwenzake, watoto hugawanyika. Katika kila 100, takriban 25 huwa dura, 50 huwa tenera na 25 huwa pisifera.

Dura akipata chavua ya tenera, nusu ya watoto huwa dura na nusu tenera. Na dura kwa dura huzaa dura tu.

Tuseme mkulima ana nusu hekta. Kwa nafasi inayopendekezwa ya mita 9 kati ya mti na mti kwa mpangilio wa pembetatu, hekta moja hubeba michikichi 143, hivyo nusu hekta hubeba 71. Akipanda miche iliyotokana na tenera kwa tenera, atazamie michikichi 18 hivi iliyo tasa, 18 mingine ya dura, na 35 tu ya aina aliyoikusudia. Ile 18 iliyo tasa itakunywa maji, itakula mbolea na itawatia wenzake kivuli sawasawa na miti inayozaa. Palizi yake ni ileile, na nafasi iliyoshika haiwezi kupewa muhogo wala maharage.

Mfano wa baghala, mnyama wa mizigo, unaweza kusaidia. Baghala huzaliwa na punda dume na farasi jike. Anayetaka baghala wa pili hamzalishi baghala wa kwanza, kwani ni tasa. Hurudi tena kwa punda na farasi. Kwa tenera nako ni lazima kurudi kwa wazazi wa awali, dura na pisifera, kila mara mbegu inapotakiwa. Tofauti ni kwamba tenera si tasa. Anazaa kokwa nyingi, zinaota vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo.

Baba asiyeonekana

Kuna anayeweza kuuliza: je, mchikichi wangu wa tenera ukisimama peke yake, mbali na mingine, si utajichavusha wenyewe? Maumbile ya mti huu yanasema ni nadra. Mchikichi mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini kwa zamu. Mashada ya kiume hufuatana kwa kipindi fulani, kisha huja kipindi cha mashada ya kike. Maua ya kike yanapokuwa tayari kupokea, mara nyingi mti huohuo hauna chavua. Chavua hutoka kwa jirani, ikibebwa na wadudu wadogo wa jamii ya fukusi waishio katika maua ya kiume, na kwa kiasi fulani na upepo.

Kwa maneno mengine, anayeokota kokwa chini ya mti anamjua mama peke yake. Baba anaweza kuwa mchikichi wa jirani, au ule mkongwe ulio kando ya barabara, au hata pisifera tasa iliyoachwa bila kukatwa, kwani utasa wake ni wa kike tu na chavua yake ni hai.

Katika eneo ambalo nusu ya chavua inatoka kwa dura na nusu kwa tenera, kokwa 100 zilizookotwa chini ya tenera zitatoa kwa wastani dura 37 au 38, tenera 50, na pisifera 12 au 13. Zikiokotwa chini ya dura katika eneo hilohilo, zitatoa dura 75 na tenera 25. Hakuna pisifera katika hesabu hii ya pili, lakini tenera ni robo tu.

Hasara haiishii kwenye kifuu. Miti inayokua karibu mara nyingi ni ndugu, kwa kuwa kijiji kizima huwa kilipata miche kutoka kitalu kimoja. Ndugu wakichavushana, watoto hupungua nguvu. Mkulima yeyote aliyewahi kumwacha beberu akazaana na binti zake mwenyewe anaijua hali hiyo.

Mbegu halali hutengenezwaje

Mbegu ya tenera ya kweli haiokotwi. Hutengenezwa kwa mikono. Mtaalamu huchagua mama wa dura aliyepimwa kwa miaka mingi. Shada la kike hufunikwa kwa mfuko maalumu kabla halijafunguka, ili chavua ya nje na wadudu wasilifikie. Siku maua yanapokuwa tayari, chavua ya pisifera iliyokusanywa na kukaushwa, ikiwa imechanganywa na poda, hupulizwa ndani ya mfuko. Baada ya miezi mitano hadi sita mkungu huiva, na kila mbegu yake inajulikana mama na baba.

Kumchagua baba ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mama hupimwa kwa mikungu yake mwenyewe, lakini pisifera haina mkungu wa kupimwa. Njia pekee ni kuwapima watoto wake, kama vile fahali anavyosifiwa kwa maziwa ya mitamba aliowazaa wala si kwa maziwa yake. Watoto hao hupandwa, husubiriwa wazae, na mavuno yao hupimwa mwaka hadi mwaka. Jaribio moja huchukua zaidi ya miaka kumi. Gharama ya mbegu iliyothibitishwa ni gharama ya subira hiyo.

Mbegu zenyewe huwa na usingizi mzito. Ili ziote kwa pamoja, huwekwa katika joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa muda wa siku 40 hadi 60 au zaidi, kisha hulowekwa na kupozwa. Baada ya kuota hukaa katika kitalu cha mwanzo kwa miezi mitatu hivi, halafu huhamishiwa katika viriba vikubwa hadi zitimize mwaka mmoja. Katika muda huo mwenye kitalu mwaminifu hutupa miche 15 hadi 25 katika kila 100, ile iliyodumaa, iliyojikunja au yenye majani yasiyofunguka.

Si kila chotara inaifaa pwani hii

Kujua kwamba mche ni tenera ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujua tenera wa ukoo gani.

Katika nchi nyingi, msalaba uliopata sifa ni ule unaowaunganisha jamaa wawili walioishi mbali. Upande wa mama huwa dura wa Deli, uzao wa michikichi minne tu iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Hao hutoa mikungu michache lakini mikubwa. Upande wa baba huwa pisifera wa asili ya Afrika, kama vile wa Yangambi au wa La Mé nchini Côte d'Ivoire, ambao hutoa mikungu mingi lakini midogo. Watoto wao huwa na mikungu mingi ya kutosha na mikubwa ya kutosha, na mavuno yao huzidi ya koo zote mbili. Ndiyo faida ya kuchanganya damu zisizohusiana.

Hata hivyo, Rumonge si Sumatra. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba hupanda kutoka ufukweni kuelekea miguuni mwa milima. Mchikichi hupenda joto la kudumu na mvua ya karibu milimita 2,000 zilizotawanyika mwaka mzima. Pwani hii hupata mvua pungufu ya kiasi hicho, na kati ya Juni na Septemba karibu hakuna mvua kabisa. Ukame wa namna hiyo huufanya mti utoe mashada mengi zaidi ya kiume, na athari yake huonekana katika mavuno miezi mingi baadaye, hata pale ambapo mvua imekwisha kurudi. Chotara iliyoshinda tuzo katika nchi ya mvua ya kila wiki yaweza kushindwa hapa.

Jambo la pili ni ugonjwa. Afrika ya Kati ina mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu unaoingilia mizizini na kuziba njia za maji, mpaka majani yakakauka na kuning'inia. Katika vituo vya Afrika, uteuzi wa wazazi kwa muda mrefu umezingatia ustahimilivu dhidi yake. Mbegu iliyoandaliwa kwa ajili ya mashamba ya Asia, ambako ugonjwa huo haujawa tishio kama huku, huenda haikuwahi kupimwa kwa jambo hilo. Anayenunua mbegu ya mbali lazima aulize.

Hapa ndipo ng'ambo ya ziwa inapoingia katika habari hii. Wazalishaji wa mbegu wa nchini Kosta Rika, walipotafuta chotara zenye kustahimili baridi ya nyanda za juu, waliwatumia mama wa dura waliotokana na michikichi ya Kigoma, Tanzania, pamoja na wale wa Bamenda, Kamerun, na kuwachavusha kwa pisifera wa asili ya Ekona, pia Kamerun. Mti ambao wazee wa Kigoma waliuona kuwa wa kienyeji tu ulithaminiwa ng'ambo ya bahari kwa sababu mababu zake walikwisha kuzoea usiku wa baridi na kiangazi kirefu.

Kigoma yenyewe imeingia kazini. Tangu serikali ya Tanzania ilipoanza kampeni ya kufufua zao la chikichi mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera kwa ajili ya wakulima. Kwa Burundi, taasisi yenye jukumu la utafiti wa kilimo ni ISABU, na uthibitishaji wa mbegu uko chini ya ofisi ya taifa ya ONCCS. Mashua hufanya safari kati ya pwani hizi kila siku, na kishawishi cha kuvusha miche kimyakimya ni kikubwa. Lakini udongo ulio ndani ya kiriba unaweza kubeba kuvu na minyoo ya mizizi, na kinachoingia bila ukaguzi hakitoki tena.

Maswali ya kuuliza kitaluni

Mkulima anayekwenda kununua hana haja ya kujua jenetiki. Maswali machache yanatosha kumtenga mwenye kitalu wa kweli na mbahatishaji.

La kwanza: wazazi ni nani? Jibu sahihi lina pande mbili, mama dura na baba pisifera, pamoja na jina la kituo kilikotoka mbegu. Anayejibu kwamba mbegu zilitoka katika mti wake mwenyewe wa tenera unaozaa sana amekwisha kujitambulisha.

La pili: hati iko wapi? Mbegu iliyothibitishwa huja na karatasi inayotaja chanzo na mwaka.

La tatu: miche ina umri gani, na mingapi ilitupwa? Asiyetupa hata mmoja anauza yote, mizima na mibovu. Mche ulio tayari una miezi 10 hadi 14, na majani yake ya juu yamekwisha kupasuka na kuwa kama unyoya.

La nne: chotara hii imewahi kupandwa wapi? Kama jibu ni mahali penye mwinuko na kiangazi kinachofanana na cha hapa, hilo ni jema. Kama hakuna jibu, ni busara kupanda michache kwanza kuliko kulijaza shamba zima.

Kwa aliyekwisha kupanda miche ya kuokota, bado kuna la kufanya. Matunda ya kwanza yakitoka, kila mti ukatwe tunda lake na kuwekewa alama ya rangi kwa aina yake. Mti ambao mikungu yake imeoza misimu miwili au mitatu mfululizo, ilhali wenzake wa rika moja wanavuna, hauna sababu ya kubaki. Nafasi yake ipewe mche uliothibitishwa mapema, kabla kivuli cha majirani hakijawa kizito kiasi cha kuuzuia usikue.

Dura haijapitwa na wakati

Ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba dura ni mti wa kukatwa. Kwanza, bila dura hakuna tenera. Kila mche bora duniani una mama wa dura. Michikichi ya zamani ya pwani hii, iliyohimili ukame na magonjwa kwa vizazi, inaweza kuwa na sifa ambazo watafiti wa kesho watazihitaji, kama zile zilizoonekana katika michikichi ya Kigoma.

Pili, kuna swali la matumizi. Anayekamua mafuta kwa kinu cha mashine hufaidika na nyama nyingi ya tenera. Anayetwanga kwa mkono na kuishi kwa kupasua na kuuza mise ana sababu ya kuthamini kokwa kubwa na ngumu ya dura. Msalaba unaofaa hauchaguliwi kwa sifa za redioni bali kwa kazi utakayoifanya: ardhi ya nani, kinu gani, soko lipi.

Linalobaki ni kwamba uchaguzi uwe uchaguzi kweli. Anayepanda dura akijua kuwa ni dura hajapoteza kitu. Anayepoteza ni yule anayepanda asichokijua, akakipalilia kwa miaka minne, halafu akasimama mbele ya mti mrefu, wa kijani kibichi, usio na mkungu. Mti huo haukumdanganya. Ulikuwa na baba ambaye hakuna aliyemuuliza.